Fokasi Inakaa Wapi? Mazoezi Kwenye Mizabibu ya Hombolo

Karibuni tena. Leo tupo Hombolo, nje kidogo ya mji wa Dodoma, katikati ya shamba la zabibu. Nimelichagua kwa ajili ya nguzo zake: zimepangwa mstari mmoja hadi kule mwisho, kwa hiyo fokasi ikikosewa hapa haijifichi.

Zungusha gurudumu la juu la kamera, weka A. Wenye Canon wataona Av. Hapo wewe unachagua tundu la lenzi, yaani upana wa nafasi ya kupitisha mwanga, na kasi ya shata, ile pazia ya kufungulia mwanga, kamera itajipangia. Mimi nina lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa (kipokea mwanga cha ndani) ya ukubwa wa filamu ya milimita 35. Weka f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), simama mita 2 kutoka kwenye nguzo moja, ilenge, piga.

Kuza picha kwenye skrini. Nguzo uliyoilenga unaiona hadi nyufa zake. Ya mbele na ya nyuma zimefifia. Kwa umbali huu kina chako, yaani eneo linaloonekana safi kutoka mbele hadi nyuma, ni kama sentimita 17 tu. Sogea hadi mita 1, zinabaki 4 na kitu. Umbali ukipungua nusu, kina kinashuka hadi robo, ndiyo maana picha za karibu zinatesa watu.

Rudi mita 2, weka f/8. Sasa una karibu sentimita 80. Mwanga nao umepungua, basi angalia shata isiwe ya polepole mno. Upepo wa huku hauachi majani yatulie.

Haya, sasa njoo kwenye lile ambalo wengi huliruka. Chukulia kuna kioo cha dirisha kimesimama mbele yako, pale ulipolenga, sambamba na sensa ya kamera. Kilichogusa kioo hicho ndicho kinatoka safi kabisa. Ukigeuza kamera, kioo nacho kinageuka.

Rudisha f/1.8. Vichala hivi viwili vinaning'inia kwenye waya mmoja. Nikiutazama waya kwa mshazari, cha karibu kinaonekana hadi ule unga mweupe juu ya zabibu, cha pili ni ukungu mtupu. Najua mkono unawasha kupeleka f/11. Usiguse namba! Zunguka, uutazame waya uso kwa uso, kisha piga. Umeona? Vyote viwili safi, na nyuma bado pamelainika vizuri.

Kwenye harusi ni vilevile: ukiwapanga watu kwa upinde na tundu liko wazi, wa pembeni wataharibika. Wanyooshe mstari. Na ile tabia ya kulenga jicho kwa kidoa cha fokasi cha katikati ya skrini, kubana kitufe cha shata nusu, halafu kuzungusha kamera upange picha, mimi siipendi. Kioo kinazunguka nayo, fokasi inaangukia nyuma ya jicho. Hamisha kidoa chenyewe.

Mwisho, ukitaka shamba lote, nguzo ya mbele hadi upeo wa macho: lenzi ya milimita 24, f/8, lenga kitu kilicho mita 2 na nusu hivi. Kuanzia kama mita 1 na robo hadi mbali kabisa kutaonekana vizuri. Usikimbilie f/22, tundu likiwa dogo kiasi hicho mwanga hutawanyika ukipita, na picha nzima inapoteza ukali.