Mahameli Iliyochorwa kwa Kisu

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nimekuja na kipande cha mahameli ya kawaida, ya foronya za makochi. Kipitisheni mkono kwa mkono. Ukikipapasa kwenda kinang'aa, ukikipapasa kurudi kinakolea kama kimelowa. Rangi ni ileile, kilichogeuka ni mlalo wa malaika wake, yaani vinyweleo vyake. Mafundi wa Kyoto, Japani, walijenga sanaa nzima juu ya jambo hilo dogo.

Wajapani mahameli wanaiita birodo, kutoka Kireno veludo. Neno lilishuka bandarini pamoja na kitambaa chenyewe, karne ya 16. Wareno haohao sisi walituachia leso, meza na bendera. Kyoto husimuliwa kwamba wafumaji walihangaika sana kujua kitambaa hicho hufumwaje, hadi kikaletwa kipande ambacho waya ulisahauliwa ndani. Hadithi hii naipenda hata kama imetiwa chumvi, maana siri yenyewe kweli ni waya.

Iko hivi. Fundi akifuma, kila baada ya mishindio michache, yaani nyuzi za kukingama, hulaza waya mwembamba kukata upana wa kitambaa, na baadhi ya nyuzi za mtande, zile za urefu, hupanda juu yake, zikafanya vitanzi. Ukipitisha kisu juu ya waya, vitanzi hupasuka na hariri ikasimama wima. Hayo ndiyo malaika. Ukichomoa waya bila kukata, vitanzi hubaki vitanzi.

Sasa tieni na yuzen, upakaji rangi uliopewa jina la Miyazaki Yuzen, mchoraji wa pepeo za mkononi aliyeishi Kyoto mwishoni mwa karne ya 17. Wanaofanya batiki hapa wanajua kazi ya nta. Yuzen hutumia uji mzito wa mchele wa kunata, ili rangi isivuke mpaka wake. Mahameli ilipakwa rangi waya zikiwa bado ndani. Kisha fundi anakaa na kisu kidogo, anachagua: wingu, acha; povu la wimbi, acha; mwamba, kata. Palipokatwa mwanga humezwa, rangi inakuwa nzito. Palipoachwa mwanga hurudi, rangi inapauka. Mkono ukiteleza, hakuna kufuta. Mimi jasho hunitoka nikifikiria tu.

Njaa nayo ilichangia. Baada ya 1868 mfalme alihamia Tokyo, na Kyoto ikabaki na mafundi wasio na wateja. Nishimura Sozaemon wa 12, mwenye nyumba ya biashara ya vitambaa iitwayo Chiso, ndiye anayetajwa kuunganisha mahameli na yuzen. Aliwaajiri wachoraji wakubwa, kama Kishi Chikudo, wamtolee michoro. Wanunuzi walikuwa Ulaya na Marekani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia, ndiyo maana vipande vingi utavikuta ndani ya fremu na kioo kama picha za Kizungu.

Ninayoipenda kuliko zote ilionyeshwa London mwaka 1910 na duka la Takashimaya, ikiwa na wenzake wawili: theluji ya milima ya Rocky, mwezi wa Venice, na maua ya Yoshino. Ya Venice, ndiyo hiyo ninayoipenda, ilitokana na mchoro wa Takeuchi Seiho, aliyekuwa amezuru Ulaya. Leo iko British Museum, jumba la makumbusho la London. Makuba ya kanisa yanatokeza ukunguni, maji yana mwezi, na hakuna rangi ya kushangaza popote. Ni weusi unaofifia taratibu. Jina la mchoraji tunalo, na la duka tunalo. Aliyeshika kisu hatajwi, na hilo linaniudhi.

Dada hapa mbele ananiuliza atatambuaje akikutana na kipande. Kiangalie kwa ubavu, taa ikiwa pembeni, halafu shika kioo cha kukuzia. Palipopauka utaona mistari midogo sana iliyojipanga, mmoja kwa kila waya uliochomolewa. Kama malaika yamesimama kote na rangi imekaa juu tu, hiyo ni mahameli iliyopakwa brashi, bei yake nyingine kabisa. Na pasi, tafadhali, kaa nayo mbali. Usiikunje pia, wala usiitundike palipo na jua.

Kile kipande changu kimefika wapi? Naona kiko nyuma kule. Kirudisheni, foronya bado haijashonwa.