Kichupa cha damu kutoka Kigoma: namna maabara inavyozisaka kingamwili za miastenia gravisi

Shikamooni wazazi wangu. Habari za asubuhi, wenzangu wa maabara na wauguzi.

Nianze na mama mmoja muuza migebuka, jina lake nalihifadhi. Alfajiri anafika mwaloni mwepesi kabisa, anapatana bei, anabeba ndoo kichwani. Ikifika saa kumi jioni kope la kushoto limeshuka hadi nusu ya jicho. Ugali wa usiku anautafuna huku ameshikilia taya kwa mkono, na sauti inatokea puani. Akilala, anaamka mzima. Majirani walishasema ya kwao, nami siwalaumu: ugonjwa unaokuja jioni na kuondoka alfajiri huwatatanisha hata madaktari.

Msuli hukaza pale neva inapomwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo ikadakwa na vipokezi vilivyo juu ya msuli. Mama huyu ana miastenia gravisi, ugonjwa wa misuli kulegea: kingamwili zilizopaswa kupigana na vijidudu zimevigeukia vipokezi hivyo, zinaviziba na kuviharibu. Mwaka 1973 huko Marekani, Jim Patrick na Jon Lindstrom waliwachanja sungura kwa vipokezi vilivyotolewa kwenye mkunga wa umeme. Miili ya sungura ikatengeneza kingamwili, na sungura wakalegea kama wagonjwa wetu. Mwaka 1976 Lindstrom na wenzake wakatoa kipimo cha kuzitafuta kingamwili hizo kwa binadamu.

Kipimo hicho kinategemea sumu ya nyoka, na hapa naomba tutulie kidogo. Nyoka mwenyewe anaishi Taiwan na kusini mwa China. Wavuvi mliopo mnamfahamu fira wa ziwani, yule mwenye mikanda myeusi shingoni. Basi hao wawili ni wa ukoo mmoja. Sumu ya yule wa Taiwan ina bungarotoksini, inayoking'ang'ania kipokezi cha asetilikolini na isikiachie kirahisi. Maabara huitia sumu hiyo iodini 125 yenye mionzi, kisha huinatisha kwenye vipokezi. Ukiongeza seramu ya mgonjwa, yaani maji ya damu yanayobaki ikishaganda, kingamwili zake huvishika vipokezi vilevile, lakini upande mwingine. Halafu hutiwa kingamwili ya pili, inayozikusanya zile za mgonjwa hadi zizame chini ya kichupa pamoja na zilichokishika. Mashine ikikuta mionzi kwenye kile kilichozama, kingamwili zipo. Mimi kila nikikieleza kipimo hiki nasisimka: kitu kinachoua kimefanywa tochi.

Tatizo ni kwamba iodini hiyo hupungua nusu kila baada ya siku 60 hivi, na kazi ya mionzi inataka kibali na chumba chake. Ndiyo maana maabara nyingi hutumia ELISA, kipimo kisichohitaji mionzi, kwenye sahani ile ya vishimo 96 mnayoijua. Ni rahisi zaidi, ila huzikosa baadhi ya kingamwili. Njia nyingine hutumia chembe hai zilizooteshwa maabara na kufanywa zibebe vipokezi vilivyosongamana, kama vinavyosongamana kwenye msuli. Kingamwili dhaifu, ambazo kipimo cha mionzi hakikuziona, hushika hapo na kung'aa chini ya hadubini.

Sasa shikeni hili, maana ndilo lililonileta: jibu hasi halimwondolei mtu ugonjwa. Kwa wenye ugonjwa ulioenea mwilini, kingamwili za kipokezi hupatikana kwa takriban 85 kati ya 100. Kwa wale ulioishia machoni tu, ni karibu nusu. Waliobaki, wengine wana kingamwili dhidi ya protini nyingine za msuli: za MuSK, zilizotambuliwa mwaka 2001, au za LRP4, zilizofuata mwaka 2011. Kwa hiyo ukipokea karatasi imeandikwa "hasi", uliza: wamepima kingamwili ipi, kwa njia gani? Na namba ikiwa kubwa, usimtishe mgonjwa. Haipimi ukali wa ugonjwa wake.

Miaka ya nyuma, nikiwa kituo ambacho sitakitaja, tulipakia damu kwenye basi bila kutenganisha seramu. Ilifika nyekundu kama juisi ya rozela, ikakataliwa. Mgonjwa alikwisharudi kijijini, na wiki nzima ilipita tukimtafuta. Bado inaniuma. Acheni damu igande kwa nusu saa, kichupa kikiwa wima, izungusheni kwenye mashine, hamisheni seramu kwenye kichupa kisafi, kisha isafiri kwenye ubaridi. Ichukuliwe kabla mgonjwa hajaanza dawa za kupunguza kinga, na kabla hajawekewa kingamwili za dripu, maana hizo ni za watu wengine na zitawadanganya.

Wauguzi, msisubiri jibu ndipo muwe waangalifu. Hapa kwetu malaria ni nyingi, na kwinini inaweza kumzidishia mgonjwa huyu ulegevu hadi ashindwe kupumua. Jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, nayo hivyo hivyo, na magneziamu ya mshipani. Andikeni kwenye jalada kwa wino mwekundu. Na kama kope limeanguka, barafu ile ya samaki, ikitiwa ndani ya glavu na kuwekwa juu ya kope lililofumbwa kwa dakika mbili, inaweza kulinyanyua mbele ya macho yenu. Haichukui nafasi ya maabara, lakini inatosha kumwandikia mtu rufaa.

Nimebeba vichupa vitatu: seramu safi, iliyochanganyika na damu, na yenye mafuta. Sogeeni mezani mvitazame dhidi ya mwanga wa dirisha, kisha tuanze maswali.