Mguu Umevimba, Damu Haina Mnyoo: Matende, Mabusha na Mfumo wa Kinga

Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya wauguzi, wanafunzi wa afya na wananchi

Ndugu wauguzi, wanafunzi, na ninyi wazee wetu mliokubali kuacha shughuli zenu jioni hii, nawashukuru kwa kuja.

Naanza na jambo linalowatatiza wengi wanaposoma ugonjwa huu kwa mara ya kwanza. Katika kijiji chenye matende na mabusha, mtu ambaye damu yake ina vijinyoo wengi kuliko wenzake wote mara nyingi ni mtu anayeonekana mzima kabisa, anayelima, anayebeba mizigo na asiyelalamika chochote. Ilhali yule mwenye mguu mkubwa, akipimwa damu, mara nyingi haonekani na kijinyoo hata mmoja. Laiti ugonjwa ungetokana na wingi wa minyoo peke yake, hali ingekuwa kinyume chake. Kinachotofautisha watu hawa wawili kwa kiasi kikubwa ni namna mfumo wa kinga wa kila mmoja ulivyoamua kuishi na mgeni huyo.

Mgeni mwenyewe, hapa Afrika, ni mnyoo aitwaye Wuchereria bancrofti. Jike lake hufikia urefu wa milimita 80 hadi 100, lakini ni mwembamba kama uzi, na dume ni mfupi kuliko nusu ya hapo. Hukaa wakiwa wamejisokota ndani ya mishipa ya limfu, yaani ile inayorudisha majimaji ya tishu kwenye damu, hasa ya kinena, miguu na korodani, kwa wastani wa miaka 6 hadi 8, na muda huo wote jike huzaa vijinyoo ambao huingia katika damu. Mchana vijinyoo hao hujificha katika mishipa midogo ya mapafu, na usiku, hasa kati ya saa nne na saa nane, hujitokeza katika damu ya ngozini, wakati ule ule ambao mbu wanauma. Ndiyo sababu damu ya kupima kwa darubini huchukuliwa usiku. Kwamba mbu ndiye anayehusika kulianza kujulikana mwaka 1877, pale daktari Mskoti Patrick Manson, akiwa Amoy nchini China, alipoona vijinyoo wakikua ndani ya mbu waliomwuma mgonjwa. Ndani ya mbu hukaa siku 10 hadi 14 au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Wengi wetu tumesikia kwamba mabusha huletwa na maji ya madafu. Madafu hayana kosa lolote. Yanastawi tu mahali pale pale ambapo mbu hao nao wanastawi.

Sasa fikirini mahali alipochagua kuishi. Mishipa ya limfu ndiyo njia ambamo chembe nyeupe za damu hupita kwenda kwenye matezi, ambako mwili hutambua adui na kuandaa mapambano. Kiumbe mwenye urefu wa vidole kadhaa anaishi hapo miaka sita bila kuuawa, na hilo haliwezekani kwa kujificha tu. Anachofanya ni kuuelekeza mfumo wa kinga upande unaomfaa. Kwa mtu mwenye vijinyoo wengi na asiye na dalili, seli T zake, yaani chembe nyeupe zinazoongoza mapambano, hazichachamai tena zinapokutana na protini za mnyoo, ingawa zinaweza kupambana na vitu vingine. Seli T za udhibiti huongezeka, na saitokini za kutuliza, yaani kemikali ambazo chembe za kinga hutumia kupashana habari, hasa interlukini-10, hutolewa kwa wingi. Kingamwili, yaani protini za kinga zinazomkamata adui, nazo hubadilika. Badala ya kutegemea ile aina iitwayo IgE, ambayo huchochea seli kumwaga kemikali kali, mwili hutengeneza IgG4 kwa kiwango kikubwa mno, na hiyo hukamata sehemu zile zile za mnyoo ambazo IgE ingezikamata, kisha haifanyi vurugu yoyote. Kwa maneno mengine, kinga ipo na inafanya kazi usiku na mchana, ila kazi yake kubwa imekuwa kujizuia.

Nadhani ni makosa kuyaita maafikiano haya ushindi wa mnyoo peke yake, kwa sababu mwenyeji naye anafaidika: mishipa yake haiunguzwi na uvimbe wa kinga. Hata hivyo hali hii ina gharama. Mtu huyu ambaye tunasema hana dalili, akipimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, huonekana mishipa ya limfu iliyopanuka, na ndani yake minyoo wakichezacheza bila kutulia. Tena utulivu huo wa kinga haubaki kwa mnyoo tu. Tafiti za pwani ya Kenya zilionyesha kwamba mtoto aliyekutana na minyoo akiwa tumboni mwa mama yake anaweza kuitikia chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, kwa namna tofauti na wenzake. Na huko Kyela, mkoani Mbeya, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba watu wenye Wuchereria waliambukizwa virusi vya UKIMWI kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wasio nayo. Tusiyachukue matokeo hayo kama ushahidi wa mwisho kuhusu chanzo, lakini tusiyapuuze.

Maafikiano huvunjika namna gani? Mara nyingi huvunjika mnyoo anapokufa. Ndani ya mwili wa Wuchereria mna bakteria waitwao Wolbachia, ambao mnyoo hawezi kuzaa wala kuishi vizuri bila wao. Mnyoo akifa, bakteria hao humwagika katika tishu, na chembe za ulinzi, ambazo zilikuwa zimezoea kumvumilia mnyoo, huwatambua bakteria mara moja. Mgonjwa hupata homa, mtoki na mstari mwekundu wenye maumivu unaoteremka kutoka kwenye tezi kuelekea chini ya kiungo. Kwa watu ambao kinga yao imeegemea upande wa mapambano, yaani wenye seli T za uchochezi nyingi na za udhibiti chache, uvimbe huu haupoi kikamilifu. Vichocheo vya ukuaji wa mishipa hupanda, mishipa hupanuka, na vali zake zinashindwa kufunga. Wenyeji wa Kilimanjaro mnaujua mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba: ukipanuka ovyo na kingo zake zikalegea, haupitishi maji mengi zaidi, bali maji hutuama na kuvuja pembeni. Limfu hufanya vivyo hivyo. Kwenye korodani hujikusanya na kuwa busha. Mguuni hutuama pamoja na protini zake, na ngozi huanza kuwa nene.

Kuna pia wachache ambao kinga yao hupita kiasi upande mwingine. Kwao eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, hupita 3,000 katika mikrolita moja ya damu, IgE hupanda sana, vijinyoo huuawa mapafuni, na mgonjwa hukohoa usiku mpaka akadhaniwa ana pumu au kifua kikuu. Hali hii huonekana zaidi Asia ya Kusini.

Baada ya limfu kutuama, anayeukuza mguu si mnyoo tena. Ngozi yenye mikunjo na nyufa katikati ya vidole hupitisha bakteria wa kawaida, na kinga ya eneo hilo, ambayo ilitegemea limfu itembee, haiwezi kuwatoa upesi. Kila shambulio la homa na uwekundu huacha mguu mkubwa kidogo kuliko ulivyokuwa. Hapa ndipo nawasihi wauguzi msione haya kufundisha mambo yanayoonekana madogo: kuosha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni, kukausha kati ya vidole, kutibu kila mpasuko, kuinua mguu wakati wa kupumzika, kuvaa viatu. Busha lenyewe linahitaji upasuaji.

Mtauliza kwa nini tuyazungumze haya Moshi, ambako ugonjwa huu haukuzoeleka kama kule Pangani na Muheza. Sababu moja ni kwamba watu wanahama, na mgonjwa aliyekulia Tanga anaweza kuja kwenye zahanati ya Kilimanjaro au Arusha. Sababu ya pili ni kwamba katika miinuko ya Afrika yenye udongo mwekundu wa volkano kuna mguu mwingine unaofanana sana na matende, ambao mnyoo hahusiki nao kabisa. Chembe ndogo za madini hupenya ngozi ya mtu anayetembea pekupeku kwa miaka mingi na kuchochea uvimbe katika mishipa ya limfu. Daktari Ernest Price ndiye aliyeueleza kwa kina alipokuwa Ethiopia. Uvimbe huo huanzia vidoleni, kwa kawaida hauvuki goti, huathiri miguu yote miwili ingawa si kwa usawa, na hauambatani na busha. Kuosha na kuvaa viatu huwasaidia wagonjwa wa aina zote mbili, lakini mguu wa udongo hautaondoka kwa dawa za minyoo.

Namalizia na kingatiba, yaani dawa zinazogawiwa jamii nzima ili kuzuia ugonjwa, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapokataa. Tanzania Bara ilianza kugawa ivermektini na albendazoli mwaka 2000, kisiwani Mafia. Dawa hizi huwaua zaidi vijinyoo walio katika damu, na minyoo wakubwa wengi hubaki. Kwa hiyo hutolewa kila mwaka kwa angalau miaka mitano, na kwa watu wote wanaostahili, maana mwenye vijinyoo wengi ndiye yule anayejiona mzima. Wengine humeza na usiku huo huo wakapata homa, kichwa kuuma na mwili kuchoka, kisha mtaa mzima ukaambiwa dawa ni sumu. Kinachotokea ni kwamba vijinyoo wamekufa kwa mkupuo, Wolbachia wao wamemwagika katika damu, na kinga iliyokuwa imetulizwa kwa miaka imeitikia. Kadiri vijinyoo walivyokuwa wengi ndivyo homa inavyokuwa kali. Kwa kawaida huisha ndani ya siku chache kwa parasetamoli na maji ya kutosha, na asiyekuwa na vijinyoo mara nyingi hahisi lolote.