Bibi, Bosi na bahasha nyekundu

HAMISI: Haya tuko hewani. Asalaam aleikum, hamjambo wote, na waliofunga poleni na swaumu. Mimi Hamisi, Dar hapa, saa kumi na mbili jioni, koo limekauka kwa hiyo leo dada Neema ndio atabeba kipindi.

NEEMA: Na mimi Neema, Markham huku Ontario, saa nne asubuhi, theluji bado ipo nje. Shikamooni wakubwa, wadogo mambo.

HAMISI: Saa nne Jumamosi, mwanao Bosi yuko darasani.

NEEMA: Hayuko.

HAMISI: Anaumwa?

NEEMA: Haumwi. Yuko chini na bibi yake, wanafanya yao.

HAMISI: Neema! Darasa la Kichina leo?

NEEMA: Subiri kwanza nisimulie, maana tumeandika hapa mambo manne ya kuwaambia wazazi na nataka tuyafikie. Jumanne ilikuwa siku ya 15 ya mwaka mpya wa Kichina, ile ya taa, ndio wanafunga sikukuu. Mama mkwe kaja kupika ile supu ya kwao Taishan, vidonge vya unga wa mchele, ila wao wanaipika ya chumvi sio ya sukari, inawekwa figili na kamba wakavu na soseji zao zile za...

HAMISI: Neema nimefunga.

NEEMA: Jamani samahani. Basi anapakua huku anahesabu, moja mbili tatu, anamuwekea Bosi kwenye bakuli, anahesabu kwa Kitaishani kama anavyofanya siku zote. Bosi akamkatiza, kwa Kiingereza, bibi sio hivyo, mwalimu kasema ni hivi, akahesabu yeye kwa Mandarini, kile Kichina rasmi cha shuleni, mpaka kumi, sauti zote zimenyooka. Mama mkwe akatabasamu akasema ee vizuri, halafu akaendelea kupakua bila kuhesabu.

HAMISI: Ah.

NEEMA: Baba yake akataka kumgombeza nkamwambia muache, mtoto kakosa nini? Kafundishwa. Kaambiwa sauti za kupandisha na kushusha neno ni nne, ukitoa nyingine umekosea. Hakuna aliyemwambia kwamba anachoongea bibi nacho ni Kichina, tena ndicho Kichina kilichofika huku kabla ya hicho cha darasani. Simtaji mwalimu wala darasa, ni mtu mzuri tu, lakini jambo lenyewe limeniuma Hamisi, mpaka leo linaniuma.

HAMISI: Hebu tuwaeleweshe wasikilizaji wapya hapo. Taishan iko Guangdong, kusini kule, na Wachina wengi wa mwanzo waliokwenda Marekani na Kanada walitoka pale na wilaya za jirani zake. Lugha yao ni ndugu na Kikantoni, ila hata mtu wa mjini Guangzhou ukimuwekea mzee wa Taishan anaongea haraka anapotea. Mimi nilikaa Wuhan nasoma, nikaja kufanya biashara Xiaobei pale Guangzhou, Mandarini naongea mpaka naota, lakini mama mkwe wako siku ile kwenye simu alivyonisalimia sikuambulia kitu.

NEEMA: Ukamjibu shikamoo mama.

HAMISI: Na akaitikia vizuri sana! Tukaelewana.

NEEMA: Sasa huyo ndio nimeamua Jumamosi zote Bosi awe nae. Babu wa babu yake mume wangu alilipa dola 500 kuingia Kanada, kodi ya kichwa, Wachina tu ndio walikuwa wanatozwa, ilianza 1885 na dola 50 ikapanda mpaka 500 mwaka 1903. Halafu 1923 wakafunga mlango kabisa mpaka 1947. Mke kabaki Taishan, watoto kule, mume huku, miaka yote hiyo wanaandikiana barua. Lugha iliyovuka yote hayo, leo mtoto wa miaka minane aambiwe imekosewa?

HAMISI: Hapana, hapo niko na wewe. Ila darasa usimtoe.

NEEMA: Nshamtoa.

HAMISI: Tutagombana leo. Hebu kwanza niambie, mwaka mpya wenyewe, tarehe 17 pale, Bosi alimsalimiaje bibi?

NEEMA: Hahaha, hapo sasa! Siku hiyo Kitaishani kilikuwa kinamwagika. Maana bila salamu hakuna bahasha, ile nyekundu ya pesa za mwaka mpya. Unasimama mbele ya mkubwa, unamtakia mwaka mwema na afya na utajiri, na unamuita kwa cheo chake, baba mkubwa tofauti na baba mdogo, shangazi mkubwa kwa baba tofauti na mama mdogo kwa mama, wana vyeo vingi kuliko sisi. Ukikosea cheo bibi anakurudisha mlangoni unaanza upya. Ndio unapokea, mikono miwili, na hufungui mbele yake.

HAMISI: Na anayetoa ni aliyeoa au kuolewa.

NEEMA: Ee, ambaye hajaoa anapokea hata kama ana ndevu. Yule shemeji yangu wa Scarborough ana miaka 38 bado anapanga foleni na watoto.

HAMISI: Safi sana huyo. Sasa Bosi alikusanya ngapi?

NEEMA: Familia zao hawaweki nyingi, dola tano, kumi, ila ndugu ni wengi. Akaja kwangu na rundo lake nkamwambia lete mama akutunzie.

HAMISI: Neemaaa!

NEEMA: Nini?

HAMISI: Wasikilizaji wa zamani mnajua naelekea wapi. Baiskeli!

NEEMA: Tusianze na baiskeli.

HAMISI: Tunaanza. Wageni, mimi nimekulia Mkunazini, Unguja. Sikukuu ya Idi unavaa nguo mpya, unazunguka nyumba za watu, shikamoo bibi, shikamoo ami, unapewa mkono wa Idi, jioni mfuko umejaa. Mama anakaa mlangoni, lete nikutunzie mwanangu, tutanunua baiskeli. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mimi sasa nina watoto wangu na baiskeli haijaja.

NEEMA: Mama anasemaje siku hizi?

HAMISI: Nimempigia juzi kumuulizia hali yake na mfungo, nkasema mama Idi inakuja, baiskeli vipi, akaniambia umekula nini wewe mpaka ukakua? Simu ikakatwa.

NEEMA: Mama mkwe akisikia hii watapatana sana! Kwa sababu yeye alimwambia mume wangu hivyo hivyo, bahasha zake zote za utotoni alitunziwa. Na nilivyokuwa naongea na wamama wa kule darasani, wa Fujian, wa Hong Kong, wa Malaysia, kila mmoja ana hiyo stori.

HAMISI: Wuhan vile vile! Mwenzangu wa bwenini alikuwa akikumbuka zile pesa anakasirika kabisa. Tena wao walikuwa wanasema afadhali siku hizi bahasha zinatumwa kwenye simu, WeChat waliileta 2014, inaingia kwako moja kwa moja mama haioni.

NEEMA: Hiyo siipendi. Mtoto hasimami mbele ya mtu, hasemi neno, anagusa kioo tu. Sasa bibi atamrudisha mlangoni vipi?

HAMISI: Kweli. Lakini mtu wa mbali je? Watoto wa ndugu walio Taishan na nyie mko Markham?

NEEMA: Apige simu ya video aseme salamu kwanza. Salamu ndio kitu, hela inafuata. Huyu mtoto darasani anakwenda toka mwezi wa tisa, akirudi ukimuuliza leo mmesoma nini anakwambia sijui. Lakini vyeo vya ukoo mzima kavijua kwa siku moja kwa sababu kuna bahasha, kuna bibi kasimama, kuna binamu zake wanamcheka akikosea na yeye anawacheka wakikosea.

HAMISI: Na sisi hivyo hivyo, mimi ami zangu wote wa Mkunazini na Shangani nimewajua kwa mkono wa Idi. Nilijua nani anatoa noti na nani anatoa sarafu, na mwenye noti nilikuwa naenda mara mbili.

NEEMA: Na zote kwa mama.

HAMISI: Na zote kwa mama! Kwa hiyo Bosi mpe pesa zake, mimi namtetea.

NEEMA: Nimemfungulia akaunti, usinichafulie jina. Haya, turudi, tuna mambo manne hapa hatujagusa hata moja.

HAMISI: Hatuyagusi mpaka hili la darasa tulimalize. Neema, mtoto akijua vyeo na salamu na kuhesabu vidonge, halafu? Bibi ana umri gani?

NEEMA: Sabini na kitu.

HAMISI: Mungu ampe uhai mrefu. Siku hayupo, Bosi ataongea Kitaishani na nani? Kusoma ndio kunakaa. Mtoto China anamaliza shule ya msingi ana herufi elfu mbili na mia tano mpaka elfu tatu, na hazijifunzi kwa kukaa jikoni, zinaandikwa mara kumi mara ishirini kila siku. Nimeziandika mimi, najua. Ukimtoa sasa ana miaka minane, akitaka kurudi ana ishirini ni kazi ngumu mno. Halafu herufi zenyewe hazina ukabila, mtu wa Taishan anasoma kwa sauti yake, wa Beijing kwa yake, maana ile ile. Mama mkwe mwenyewe si anasoma?

NEEMA: Anasoma, kasoma Taishan.

HAMISI: Basi! Bosi akiandika barua bibi anaielewa.

NEEMA: Nani kakwambia bibi anataka barua? Anataka kumuuliza mjukuu wake umekula, umelala vipi, nani kakuliza shuleni, na ajibiwe palepale. Na hizo herufi zako, darasani wanafundisha zile zilizorahisishwa miaka ya hamsini. Barua za babu zao tulizo nazo kwenye sanduku, na jiwe la kaburini, ni herufi za zamani zote. Kwa hiyo hata hapo mtoto hajafika kwao.

HAMISI: Ukijua moja nyingine unaifikia.

NEEMA: Kwa mtu mzima kama wewe. Hamisi, Singapore wamelifanya hili kwa nchi nzima. 1979 waziri mkuu wao Lee Kuan Yew kaanzisha kampeni, Wachina wote ongeeni Mandarini, vile Vichina vya nyumbani, Kihokkien na Kiteochew na Kikantoni, vikaondolewa kwenye tivii na redio. Mandarini ikashika kweli, na wazee wakabaki na wajukuu hawaelewani ndani ya nyumba moja.

HAMISI: Na Malaysia je, ng'ambo ya daraja tu? Watoto wanasoma shule za Kichina kwa Mandarini, nyumbani Kihokkien, sokoni Kikantoni, na Kimalei juu yake. Kwa hiyo vyote vinawezekana.

NEEMA: Malaysia kuna mtaa mzima unaongea. Penang mtoto akitoka nje muuza tambi anamjibu. Mimi nina mtu mmoja. Baba yake anaelewa lakini anajibu Kiingereza, mimi nadandia maneno ya jikoni. Mtu mmoja Hamisi, na Jumamosi ndio siku yake, siku nyingine mtoto yuko shule na mimi niko kazini. Masaa yale siwezi kuyatoa mara mbili.

HAMISI: Mpeleke Jumapili kwa bibi.

NEEMA: Jumapili kanisani, baadae kuogelea, jioni Kiswahili na mimi. Au Kiswahili nikitoe?

HAMISI: Hapana hicho usikiguse!

NEEMA: Unaona. Sikiliza, mimi bibi yangu Lushoto alikuwa anaongea Kisambaa. Kiswahili alikuwa anakijua cha kuombea maji. Sisi tumekulia Tanga mjini, shule Kiswahili, nyumbani Kiswahili, baba alisema Kisambaa watajifunza wakikua. Bibi alikuwa ananishika mkono ananiongelesha, namtikisia kichwa. Amekufa sijui alikuwa ananiambia nini. Kwa hiyo mtu asinambie lugha kubwa kwanza.

HAMISI: Pole dada. Hiyo hujawahi kusema humu.

NEEMA: Sijawahi.

HAMISI: Pole sana. Lakini acha niseme na langu. Hicho Kiswahili ndio kimetukutanisha mimi wa Unguja na wewe Msambaa, kimekupa shule, kimekupa hawa wanaotusikiliza toka Bujumbura mpaka Muscat. Bosi na Mandarini ni hivyo hivyo, watu zaidi ya bilioni moja wanamsubiri. Usimfungie mlango kwa ajili ya huzuni yako.

NEEMA: Simfungii. Ataikuta mbele, imejaa kila mahali, programu zipo, vyuo vipo, wewe mwenyewe umeianza mtu mzima na unaota nayo. Kitaishani chuo cha kumfundisha akiwa na miaka ishirini kukipata ni shida.

HAMISI: Mimi nilikwenda kuishi China miaka. Yeye utampeleka?

NEEMA: Akitaka ataenda.

HAMISI: Hapo sikubali Neema, mtoto akikua ndio atakuuliza kwa nini hukunilazimisha. Wapo wengi waliokulia nje wanawauliza wazazi wao hilo, nimekutana nao Guangzhou wakubwa kabisa, sura ya pale, anaagiza chakula kwa kuonyesha kidole kwenye picha. Inauma kuona.

NEEMA: Na mimi nimekutana na wanaosoma gazeti zima na hawajui bibi yao aliolewa vipi. Sibadilishi.

HAMISI: Na mimi sibadilishi. Ningekuwa mjomba wake wa karibu ningekuja kumchukua na gari.

NEEMA: Uje na baiskeli.

HAMISI: Hahaha, muulize mama!

NEEMA: Saa ngapi huko? Mbona naona kumekuwa giza kwenye video yako.

HAMISI: Dakika kumi adhana ya Magharibi. Nimesikia watoto wameanza kupanga vikombe sebuleni.

NEEMA: Na mambo manne?

HAMISI: Tusome la kwanza tu, lilikuwa la nini... la kurekodi wazee. Ah hilo haliendi kwa dakika kumi.

NEEMA: Haliendi, na la pili linategemea la kwanza. Tuyaache, nitayaweka kwenye grupu kama yalivyo. Mlio na watoto nje, Wachina, Waswahili, wowote mnaotusikia, tutumieni sauti zenu, mmemtoa mtoto darasani au mmemlazimisha, na imekuwaje.

HAMISI: Na mama alikutunzia kiasi gani.

NEEMA: Hiyo usijibiwe! Haya nenda kafuturu, wasalimie hapo nyumbani.

HAMISI: Wamefika. Na shikamoo kwa mama mkwe.

NEEMA: Zimefika. Wiki ijayo tuko na yule mgeni wa Mombasa, msichelewe.