Darubini ya Masafa Marefu: Mara 25 au Mara 50?

JUMA: Haya, tumerudi. Dada Zuhura, shikamoo.

ZUHURA: Marahaba, mdogo wangu. Nasikia Jumamosi ulikuwa Bisley, kule Uingereza, kwenye viwanja vya kulenga shabaha.

JUMA: Uwanja wa Stickledown, yadi 1000, upande wa F-TR, yaani daraja la bunduki zenye miguu ya mbele na darubini. Asubuhi mambo shwari. Ilipogonga saa nane mchana jua likachachamaa, na ndani ya darubini ya bunduki shabaha ikaanza kucheza kama iko chini ya maji. Nilikuwa nimekuza mara 50, duara jeusi la shabaha halina ukingo. Nikashusha hadi 25, picha ikatulia, nikaendelea kupiga.

ZUHURA: Ah, Juma! Hapo ndipo ulipojifunga macho.

JUMA: Nimejifunga vipi? Leo tumepanga mambo matano ya kuangalia kabla ya kununua darubini, tuanze na kliki, zile hatua ndogo za kitufe cha kurekebisha ulengaji.

ZUHURA: Kliki zitasubiri. Yale mazigazi, hewa ya moto iliyokuchezeshea shabaha, ndiyo yanayokusomea upepo. Yakikimbia kutoka kulia, upepo unatoka kulia. Yakichemka kwenda juu tu, ama hakuna upepo ama unavuma sambamba na mstari wa risasi.

JUMA: Bendera zipo.

ZUHURA: Bendera ni kitambaa kizito. Upepo ukilegea, mazigazi yanakuonyesha kabla bendera haijaanza kushuka.

JUMA: Sawa, basi niyasome kwa ile darubini ya pembeni, ya kwenye stendi. Ya bunduki kazi yake kulenga. Pete ya ndani kabisa kwa yadi 1000 haifiki hata sm 13. Ukingo ukitetemeka, jicho langu linaanza kuufukuza.

ZUHURA: Na ukiwa mara 25 shabaha haijaacha kusogea, ni wewe tu uliyeacha kuona inavyosogea. Hewa ya moto inaisukuma sura ya shabaha kule upepo unakoelekea. Unalenga mahali ambapo shabaha haipo!

JUMA: Nasawazisha kwa matundu ya risasi zilizotangulia. Halafu kuna mwanga. Chukua lenzi ya mm 56, gawa kwa 50: mwale unaofika jichoni una upana wa mm 1 na kidogo. Gawa kwa 25, unapata zaidi ya mm 2. Picha inang'aa, na kichwa kikihama kidogo shavuni huipotezi.

ZUHURA: Saa nane mchana mwanga tele, Juma. Mtu analipia darubini ya mara 50, kisha anaitumia nusu?

JUMA: Analipia uwezo wa kuchagua! Asubuhi kukiwa na ubaridi nakwenda juu kabisa.

ZUHURA: Ndipo ninaposema anunue lenzi nzuri, si namba kubwa. Lenzi nzuri inatenganisha mazigazi na shabaha hata kukichemka.

JUMA: Hakuna lenzi inayonyoosha hewa, dada. Ya bei mbaya inayaonyesha mazigazi yaleyale, tena kwa uwazi zaidi.

ZUHURA: Ndicho ninachokitaka!

JUMA: Mimi sikitaki. Twende kwenye orodha, tumebakiwa na dakika mbili.

ZUHURA: Moja tu, basi. Kabla ya kuiamini, weka kibao mita 100, chora mstari wima, pandisha kliki kwa mili 10 (kwa mita 100, mili moja ni sm 10). Alama ya kulengea lazima ihame mita 1 kamili, na ukirudisha irudi palepale. Ikipungua sm 2, kwa yadi 1000 utashangaa risasi zinatua wapi.

JUMA: Bunduki ikiwa imebanwa, isiguswe.

ZUHURA: Imebanwa. Na uone kama alama inashuka ikifuata mstari ule ule au inakwenda upande, maana darubini iliyofungwa imeinama...

JUMA: Hiyo ni mada nyingine, tunaoneshwa saa hapa. Paralaksi, yaani alama kuhama jicho likihama, vifungio vya darubini, uzito, yote hatujagusa.

ZUHURA: Uzito useme. Bunduki ya F-TR isizidi kilo 8.25, darubini na miguu ya bunduki ndani.

JUMA: Umesikika. Jumamosi ijayo mimi niko 25.

ZUHURA: Nami niko mkeka wa pili, mara 50, tutahesabu alama jioni.