Programu ya Ofisi: Ulipie Kila Mwaka au Ununue Mara Moja?

Mwangaluka! Naona wenye maduka ya steshenari ya Makoroboi mmekuja, na studio za picha za Kirumba. Tuanze na hesabu.

Microsoft Office Home 2024, ile ya kununua mara moja, ilitoka Marekani kwa dola 149.99, kompyuta moja. Microsoft 365 Personal ya kulipia kila mwaka ilikuwa dola 69.99, na Januari 2025 ikapandishwa hadi 99.99. Ukilipia miaka mitano umetoa karibu dola 500. Hizo ni za nyumbani; ya biashara, Home & Business 2024, ilitoka kwa dola 249.99, na bado inakaa chini ya hizo 500.

Mwenye 365 atasema anapata terabaiti moja ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Ni kweli. Kama mhasibu wako yuko Geita na lazima aone faili saa hiyo hiyo, lipia. Ila dada anayechapa barua za maombi na mikataba ya viwanja kwenye kompyuta ile ile kutwa nzima, terabaiti ya nini?

Kinachotuuma zaidi ni dola. Mwaka 2022 ilikuwa kama shilingi 2,300. Mwaka 2024 ikavuka 2,700 kabla ya kushuka tena. Kwa dola 100, hapo umeongezewa shilingi 40,000 na kampuni haijagusa bei. Aliyenunua mara moja aliumia siku moja, akamaliza.

Halafu, kwa mwenye 365, kadi ikose salio siku ya kukatwa, na usiongeze. Muda wa ziada ukiisha, mteja kasimama kaunta anataka jina lirekebishwe kwenye mkataba. Word inafungua faili, hata kuprinti inaprinti, lakini kuandika inakataa. Hapo utamweleza nini?

Sasa msitoke hapa mkidhani ukinunua umemaliza. Office 2016 na 2019 ziliachwa bila marekebisho ya usalama tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Zinafanya kazi, ila tundu likigunduliwa halizibwi. Hiyo ya 2024 mwisho wake ni Oktoba 2029. Kwa hiyo aliyenunua ile Home ya dola 149.99 ilipotoka agawanye kwa miaka mitano: karibu dola 30 kwa mwaka. Nakala za bei chee zinazopitishwa kwa flashi sizihesabu. Zile zinakuja na wageni wake, yaani virusi.

Watu wa studio, kwenu ni kugumu. Mei 2013 Adobe, wenye Photoshop, walitangaza kwamba baada ya CS6, toleo la mwisho la kununua mara moja, ni kulipia kila mwezi au mwaka tu. Ukiwa na CS6 halali bado unasafisha picha za harusi vizuri, ila ukinunua kamera mpya, mafaili yake ghafi (RAW) CS6 haiyasomi. Hapo mimi nakubali mlipie. Angalieni tu aina ya mkataba: ule wa mwaka unaolipwa kidogo kidogo kila mwezi una faini ukijitoa mapema, na Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe kwa madai ya kuificha faini hiyo.

Na kwa kazi za ofisi, kabla hujatoa hata senti, weka programu ya LibreOffice. Ni ya bure na inafungua mafaili ya Word. Jedwali kubwa na fonti huwa zinasogea, kwa hiyo jaribu na fomu zako mwenyewe. Wenye flashi sogeeni mbele, tuzifungue hapa kwenye projekta.