Kuchoma paja la mbuzi kwa moshi, nje, Julai na baridi yake

Habari zenu watazamaji. Mnaniona na sweta mbili na kofia ya sufu, saa tatu asubuhi, hapa Uthiru, na jua hatujalionja tangu Jumatatu. Mwezi huu watu huyafungia majiko stoo wakingoja Septemba. Sisi leo tunachoma. Paja la mbuzi, kilo mbili na kitu kidogo, kwa moshi, hapa hapa uani.

Kwanza tuelewane kuhusu hii baridi. Nairobi haina theluji. Usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi kumi, kumi na mbili hivi, na mchana mawingu yakikaza hatufiki mbali. Moto wa makaa hauogopi nyuzi kumi. Unachoogopa ni upepo, unyevu, na mkono wako wewe mwenyewe unaofunua kifuniko kila dakika tano kuchungulia. Mkono ndio mbaya zaidi, nitarudi kwake.

Jiko ni hili pipa la lita 200, limepasuliwa kwa urefu, likatiwa bawaba na fundi wa Kamukunji. Ukienda kutengenezewa lako, uliza pipa lilibeba nini. La mafuta ya kula ni sawa. La kemikali liache, hata ukiambiwa limeoshwa. Na wavu uwe wa chuma kitupu, usiwe ule uliopakwa zinki unaong'aa kama wa kuku, kwa sababu zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wa sumu.

Sasa sogeza kamera hapa ndani. Mnaona hizi tofali mbili? Bati la pipa ni jembamba, Januari halina neno, lakini asubuhi kama hii joto lote linatokea ubavuni. Tofali zinashika joto na kulirudisha polepole, hata ukifunua kifuniko jiko halipoi lote. Nimezisimamisha katikati ziwe ukuta: makaa upande huu, nyama upande ule. Ziwe kavu, nimezilaza jikoni tangu jana. Usiokote mawe ya mtoni. Yana maji ndani, na yakipashwa hupasuka kama risasi.

Jiko nimelipa mgongo kwenye ukuta wa ploti ili upepo usilipige, lakini limeachana na ukuta hatua moja nzima, na juu yake hakuna kamba ya nguo wala paa. Kama hujui upepo unatoka wapi, chukua majivu kidogo, rusha, utaona. Tundu la kuingiza hewa lisitazamane na upepo, la sivyo makaa yatawaka kama ya mhunzi.

Nyama haraka haraka. Paja hili nimelinunua jana, likiwa na mhuri wa mkaguzi. Nimelipaka chumvi jana jioni, vijiko viwili vya chai kwa kila kilo, likalala kwenye friji bila kufunikwa. Asubuhi ngozi yake ya juu imekauka, gusa, haishiki kidole. Hapo ndipo moshi hukaa. Ndimu, tangawizi, vitunguu saumu, ni hiari yako. Mimi Julai naweka chumvi tu.

Makaa. Januari ningetumia gorogoro mbili, ile mikebe ya kupimia, leo tatu, na ya nne iko kando. Yangu hukaa ndani ya ndoo yenye kifuniko, kwa sababu makaa yaliyoachwa kwenye gunia sakafuni mwezi huu hunywa unyevu. Yakiwashwa hulia pa! pa! na kurusha cheche, na nusu ya moto wako inakwenda kuyakausha. Washa kwa karatasi na vijiti. Mafuta ya taa hapana, yatakufuata hadi kwenye ugali. Ngoja mpaka makaa yavae majivu meupe juu, halafu funika jiko tupu dakika thelathini. Bati na tofali zipate moto kabla nyama haijaingia. Hatua hii watu huiruka, kisha wanasema mbuzi alikuwa mzee.

Kipimajoto kama unacho, weka pale nyama itakapolala. Hicho cha kwenye kifuniko kinasoma bati lililopigwa na baridi. Tunataka kati ya nyuzi 130 na 150. Huna? Kiganja juu ya wavu, upande wa nyama, uhesabu. Ila pasha mkono kwanza, ushike kikombe cha chai. Mkono uliokufa ganzi utahesabu mpaka kumi na jiko linawaka.

Kuni ya moshi ni hiki kipande cha mparachichi, unene wa kifundo cha mkono, kimekauka miezi. Mwembe ni mzuri, mti wa kahawa ni mzuri sana ukiupata kutoka upande wa Kiambu. Sipresi na paini zina utomvu, zitaifanya nyama iwe chungu kama dawa. Mbao za ujenzi zenye rangi hata usiziangalie. Na hakuna haja ya kuloweka kuni. Kuni iliyolowa hutoa mvuke kwanza, na leo mvuke tunao wa kutosha angani.

Haya, paja linaingia, mfupa mnene ukielekea moto. Kipande kimoja cha kuni juu ya makaa. Funika. Sasa tazama moshi kwenye bomba. Unaona ulivyo mweupe, mzito, unajikunja? Huo una uchungu. Fungua tundu la chini kidogo... ngoja... haya, umeanza kuwa mwembamba, una rangi ya samawati, karibu usiuone. Huo ndio wetu.

Ni saa nne na nusu. Sasa mikono mfukoni. Julai ya mwaka jana nilikuwa na wageni, kila anayefika anasema hebu tuone, nami kwa heshima nafunua. Mjomba wangu pekee alichungulia mara nne. Saa moja na nusu usiku nje ni nyeusi kama masizi, ndani ya paja damu. Tulikula mayai. Tangu siku hiyo nafunua mara moja kwa saa, kuongeza makaa na kuligeuza paja, na mgeni akitaka kuona ninamwonyesha picha kwenye simu.

Baada ya saa mbili hivi kipimajoto ndani ya nyama hukwama kwenye nyuzi 70 na kitu na hakisogei. Usiongeze moto. Nyama inatoa jasho, na jasho linaipoza jinsi upepo unavyokupoza ukitoka kuoga. Hapa ninalifunga paja kwa jani la mgomba nililolipitisha juu ya moto likalainika, na foili juu yake, halafu linarudi. Moshi umeshaingia, kilichobaki ni joto tu.

Kwa usalama nyama ya mbuzi isiyosagwa imeiva ikifika nyuzi 63 na kupumzika dakika chache. Lakini paja ni msuli wa kutembea, kwa nyuzi 63 utalitafuna mpaka kesho. Mimi nalipeleka 88 hadi 90, mshipa uyeyuke. Leo imechukua saa nne kasoro. Januari lingetoka baada ya saa mbili u nusu.

Manyunyu haya yameanza, mnayasikia kwenye bati. Mtoto wangu anasema tuliingize jiko jikoni. Hapana. Hata kwa dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi, hata kupasha nyumba joto. Gesi ya makaa haina harufu. Mimi mwenyewe niliwahi kuliingiza usiku wa baridi, nikadhani kichwa kinaniuma kwa uchovu, mke wangu ndiye aliyeuona uso wangu na kufungua mlango. Kila msimu huu kuna nyumba za Nairobi ambazo hazikupata mtu wa kufungua mlango. Shika mwavuli, usimame nje.

Tunatoa. Acha lipumzike ndani ya jani lake dakika ishirini, lifunike na taulo.

Na hapa kuna jambo la baridi ambalo hakuna aliyenifundisha. Angalia huu ubao, nimekata kipande kimoja nikakiacha, sasa hivi. Mafuta yameganda, meupe, kama nta ya mshumaa. Mafuta ya mbuzi hayasubiri, yataganda hata kwenye paa la kinywa. Kwa hiyo mwagia ubao na sinia maji ya moto, zifute, ndipo ukate. Na usikate paja zima. Kata vipande vya watu kula dakika tano, nyama nyingine ibaki ndani ya jiko. Kachumbari nayo itoke kwenye friji mapema, na pilipili iongezwe.

Nyama ikiisha, funga matundu yote mawili. Makaa yatazimika kwa kukosa hewa, na kesho utayatumia tena. Usiyamwage kwenye pipa la taka usiku huu, ndani ya majivu moto hukaa mpaka asubuhi. Jiko linalala nje.

Haya, mama watoto, leta ugali kabla sinia halijapoa.